NCHI NA WATU: Vijia vya Eyam, Kijiji Kilichojifungia

Mgeni afikapo Eyam, kijiji kilichoko katika vilima vya Derbyshire, Uingereza, jambo la kwanza limpasalo kulitazama si kanisa wala si nyumba kubwa ya ukoo wa Wright, bali ni vibao vidogo vilivyosimikwa kando ya barabara. Juu ya kila kibao yameandikwa maneno machache yenye maana ya "Njia ya Miguu ya Watu Wote", na ncha ya kibao imeelekea malisho ya mtu. Hakuna mlinzi, hakuna ada, wala hapana haja ya kupiga hodi. Mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni aliyeshuka katika basi sasa hivi, ana ruhusa ya kupita katikati ya kondoo na ng'ombe wa mwenye shamba, mradi asiiache njia.

Mkulima aliyehangaika miaka mingi juu ya mpaka wake, akapanda ua wa kayaba na kupokea hati ya shamba lake, huenda akashangaa kusikia habari hii. Atauliza: je, shamba ni la nani basi? Jibu la sheria ya Uingereza ni kwamba ardhi ni ya mwenye shamba, lakini haki ya kupita ni ya watu wote, na haki hizo mbili hukaa pamoja katika udongo ule ule. Mwenye shamba aweza kuuza, kukodisha au kurithisha shamba lake, na njia huuzwa na kurithishwa pamoja nalo. Hawezi kuifunga kwa kuwa amechoka kuona watu.

Jina la kijiji huandikwa Eyam, lakini wenyewe hulitamka "Iim". Kiko upande wa kusini-magharibi wa mji wa Sheffield, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, iliyotangazwa mwaka 1951, ikawa ya kwanza katika Uingereza. Msomaji asidhani ya kuwa hifadhi hiyo ni kama Mbuga ya Nairobi, penye simba na twiga. Humo ndani wamo wakulima, maduka, shule na makanisa. Kinachohifadhiwa ni sura ya nchi yenyewe na njia za kuipitia. Kusini ya kijiji ardhi ni ya mawe ya chokaa, nyeupe, yenye nyasi tamu na mabonde membamba. Kaskazini nchi hupanda ghafula hata kufika nyanda za juu zenye mawe meusi ya mchanga, upepo mkali na vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau mwezi wa Agosti. Mashamba hayatengwi kwa seng'enge bali kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, na kazi hiyo ina mafundi wake hata leo.

Njia inapokutana na ukuta, hapo pana kipito. Vipito vingine ni vipandio vya mawe au mbao. Vingine ni mawe mawili yaliyosimamishwa karibu karibu, yakaacha mwanya wa kupitisha miguu ya mtu tu. Mtu mnene hupita kwa taabu kidogo, kondoo mkubwa hukwama, na ng'ombe hapiti kabisa. Hivyo mwenye shamba haogopi kwamba mpitaji atasahau kufunga lango, kwa maana hapana lango.

Asili ya vijia hivi si matembezi ya starehe. Vilikanyagwa na watu waliokuwa wakienda kanisani, kinuni, sokoni, na hasa kwenye machimbo ya madini ya risasi, kwa kuwa zamani wenyeji wengi wa Eyam walikuwa wachimbaji. Kazi zile zilipokoma, njia zilibaki. Sheria ya mwaka 1949 iliwaamuru wakuu wa wilaya wachore ramani maalum, na kila njia iliyotiwa katika ramani hiyo ni ushahidi usiopingika ya kuwa haki ya kupita ipo. Hata pasipokuwa na ramani, njia iliyotumiwa na watu kwa muda wa miaka 20, kwa wazi, pasipo kuomba ruhusa wala kutumia nguvu, huhesabiwa kuwa ya watu wote, ila mwenye ardhi akithibitisha ya kwamba hakukusudia kuitoa. Ndiyo sababu wenye mashamba wengine hutundika tangazo, wakieleza kuwa wanamkubalia mtu apite kwa hisani yao wenyewe. Lakini mwenye shamba atakayeweka kibao cha uongo juu ya njia iliyo katika ramani, ili kuwatisha watu wasipite, amevunja sheria.

Masharti mengine yafaa kuelezwa kwa ajili ya wafugaji, maana yanahusu mifugo wanayoijua. Fahali wa aina za maziwa, kama vile Friesian, Ayrshire, Jersey na Guernsey, akiisha kupita umri wa miezi 10, haruhusiwi kuachwa katika malisho yanayopitiwa na njia ya watu wote. Fahali wa aina za nyama, kama Hereford au Aberdeen Angus, aweza kuwekwa humo iwapo tu yu pamoja na ng'ombe majike au mitamba. Aliyewahi kufukuzwa na fahali wa Friesian hatahitaji kuelezwa sababu: fahali wa maziwa ana sifa ya ukali, na yule wa nyama akiwa na wake zake huwa mtulivu zaidi. Kuhusu kulima, njia ipitayo katikati ya shamba yaweza kulimwa ikiwa haiwezekani kuikwepa, lakini mkulima ana siku 14 tu za kuirudisha iwe imara na ionekane kwa macho. Akirudia kuitifua kwa msimu ule ule wa mazao, ana saa 24. Mimea isiizibe. Njia ya pembeni ya shamba hailimwi kamwe. Vipito hutengenezwa na mwenye shamba, naye aweza kudai robo ya gharama, au zaidi, kutoka kwa baraza la wilaya.

Mpitaji naye ana yake. Hana haki ya kupanda baiskeli wala farasi katika njia ya miguu, wala kukata kona kupitia mazao. Mbwa wake akiwasumbua kondoo, yeye mwenye mbwa amefanya kosa, na sheria hiyo ni ya tangu mwaka 1953. Siku za kondoo kuzaa, neno la mchungaji juu ya mbwa huwa fupi sana.

Haya ndiyo mambo ya njia kwa jumla. Lakini watu hawaji Eyam kwa ajili ya sheria. Huja kwa sababu vijia vyake vinakwenda, kimoja baada ya kimoja, hadi mahali ambapo kijiji kizima kilijifungia ndani na kufa, ili vijiji vya jirani visife.

Safari huanza penye nyumba ndogo za mawe karibu na kanisa. Mwezi wa Septemba mwaka 1665 mtumba wa nguo uliletwa hapo kutoka London kwa mshona nguo aliyeitwa Alexander Hadfield. Mwaka huo London ilikuwa ikiteketea kwa tauni. Msaidizi wa mshonaji, George Viccars, alifungua mtumba, akaona nguo zina unyevu, akazitandaza mbele ya moto zikauke. Inaaminiwa ya kuwa ndani yake mlikuwamo viroboto. Tarehe 7 Septemba Viccars alizikwa, na kabla ya mwezi kwisha jirani zake nao walikuwa wameanza kufa. Nyumba zile zipo hata leo, na mbele yake pana vibao vyenye majina ya waliofia ndani. Mtu huyasoma akiwa amesimama barabarani, huku wenye nyumba wa sasa wakipika chakula chao cha mchana.

Baridi ilipokuja ugonjwa ulipungua, na majira ya kuchipua wengi walidhani umekwisha. Mwezi wa Juni 1666 ulirudi kwa nguvu kuliko kwanza. Baadhi ya wenye mali walikuwa wamekwisha kukimbia. Waliosalia walianza kufungasha. Hapo ndipo walipotokea watu wawili ambao, kwa desturi ya siku zile, wasingaliweza hata kuketi meza moja. Mmoja alikuwa kasisi wa kanisa, William Mompesson, kijana mgeni aliyefika kijijini kiasi cha miaka miwili tu iliyopita, na ambaye watu walikuwa hawajamzoea. Wa pili alikuwa Thomas Stanley, kasisi wa zamani, aliyeondolewa mwaka 1662 kwa kuwa alikataa kufuata kitabu cha sala kilichoamriwa na serikali. Wanakijiji wengi walimpenda Stanley na kumshuku Mompesson. Yule mmoja alikuwa na cheo, na yule mwingine alikuwa na mioyo ya watu. Kila mmoja alijua ya kuwa peke yake hataweza. Wakapatana, wakawaendea watu kwa sauti moja.

Maneno yao yalikuwa matatu. Kila nyumba izike wafu wake yenyewe, upesi, karibu na mahali walipofia. Ibada isifanywe tena ndani ya kanisa, bali nje, watu wakisimama mbalimbali kwa jamaa zao. Na la tatu, lililo gumu kuliko yote, mtu yeyote asitoke katika mipaka ya kijiji, na mgeni yeyote asiingie. Hapakuwa na askari wa kuwashurutisha wakae. Earl wa Devonshire, aliyekuwa akikaa katika jumba la Chatsworth, maili chache kutoka hapo, alikubali kuwapelekea chakula na dawa.

Kutoka kanisani, penye msalaba wa jiwe uliochongwa karne nyingi kabla ya tauni, kijia huteremka hadi kwenye bonde liitwalo Cucklet Delf. Hapo pana mwamba wenye matao ya asili, na chini yake mteremko wa nyasi. Mompesson alihubiri akisimama mwambani, na watu walimsikiliza kutoka mteremkoni, jamaa kwa jamaa, na kila juma jamaa zilizokuwapo zilikuwa zimepungua. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Agosti watu wa Eyam hukumbuka msiba huo kwa ibada. Mke wa Mompesson, Catherine, alizikwa siku za mwezi huo huo wa Agosti 1666. Watoto wao walikuwa wamepelekwa Yorkshire mapema, naye alikuwa amemwomba mumewe waondoke wote. Mumewe alipokataa kuliacha kundi lake, naye alikataa kumwacha mumewe. Kaburi lake liko uani mwa kanisa.

Njia ya pili huenda mashariki, kama nusu maili, hadi malisho yaitwayo Riley. Ni matembezi mafupi, na pengine ndiyo mazito kuliko yote. Katikati ya nyasi pana ukuta mdogo wa duara, na ndani yake mawe ya makaburi ya jamaa ya Hancock. Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666, mwanamke aitwaye Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita. Hakuna jirani aliyethubutu kumsaidia. Aliwachimbia yeye mwenyewe, na yasemekana aliwavuta kwa kitambaa alichowafunga miguuni, ili asiwaguse. Watu wa kijiji cha Stoney Middleton, inasimuliwa, walisimama upande wa pili wa bonde wakimtazama. Yeye hakushikwa na ugonjwa. Baadaye aliondoka, akaenda kukaa na mwanawe aliyesalia huko Sheffield.

Si kila mtu kijijini alikuwa wa namna hiyo. Marshall Howe, mtu mwenye nguvu aliyepata tauni akapona, aliamini hatashikwa tena, akaifanya kazi ya kuzika wafu wa nyumba zisizo na mtu wa kuzika. Ujira wake ulikuwa vitu vya marehemu. Masimulizi yanasema ya kuwa wagonjwa waliogopa kumwona akikaribia mlango kabla hawajakata roho. Mkewe na mwanawe walikufa mwezi wa Agosti, na wenyeji walisema aliwaletea ugonjwa pamoja na vile vitu. Kazi aliyoifanya, hata hivyo, ilikuwa lazima ifanywe na mtu.

Njia ya tatu hushuka kusini-mashariki kuelekea Stoney Middleton. Yapita katika malisho ya wazi, na katikati ya safari, penye mtazamo mpana wa bonde, lipo jiwe kubwa lenye matundu sita juu yake. Hilo ndilo Jiwe la Mpaka. Watu wa Eyam walitia siki katika matundu hayo, kisha sarafu ndani ya siki, kwa kuwa waliamini siki huua sumu ya ugonjwa. Wale wa Stoney Middleton walikuja baadaye, wakaweka chakula, wakachukua fedha. Mahali pengine palipotumiwa hivyo ni Kisima cha Mompesson, ambacho hufikiwa kwa kupanda mlima kaskazini ya kijiji. Huko sarafu ziliachwa katika maji yanayotiririka. Msomaji akitazama kwa makini ataona ya kuwa sehemu hizi zote mbili ziko juu ya njia za kawaida za kwenda kwa majirani. Mpaka haukuwa ukuta. Ulikuwa ni pale mtu alipojizuia mwenyewe, katika njia ambayo alikuwa ameipita maisha yake yote.

Mtu wa mwisho alikufa mwanzoni mwa mwezi wa Novemba 1666. Jumla ya waliokufa ni watu 260 hivi. Zamani ilisemwa kijiji kilikuwa na watu 350. Wanachuoni wa siku hizi, waliochungua daftari za kodi na za kanisa, wanaona walikuwa karibu mara mbili ya hao. Hata kwa hesabu hiyo ya pili, zaidi ya theluthi moja ya kijiji ilizikwa katika miezi 14.

Je, walifanya vema? Swali hili limebishaniwa sana. Walikuwa hawajui kiini cha tauni. Mdudu wake hakuonekana hata mwaka 1894, alipogunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong, na kazi ya viroboto vya panya ilielezwa na Paul-Louis Simond mwaka 1898. Tauni ilipozuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Nairobi mwaka 1902, mtaa wote ulitiwa moto. Kwa hiyo wako wasemao ya kwamba agizo la kuwafunga watu pamoja na panya wao liliongeza vifo, na kwamba ingalifaa watawanyike katika mahema vilimani. Huenda ni kweli kwa habari ya Eyam yenyewe. Lakini vijiji vya jirani havikuambukizwa, na hilo ndilo walilokusudia. Anayewalaumu leo akiwa na elimu ya Yersin na Simond mfukoni anawatoza deni ambalo hawakukopa. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya dunia, jina la Eyam lilitajwa tena katika magazeti mengi, na wengi walisoma habari zake kwa macho mengine.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mtembezi hulikumbuka akifika juu ya kisima na kutazama kaskazini-magharibi, upande wa mlima Kinder Scout. Nyanda hizo za juu zilikuwa zimefungwa kwa umma muda mrefu, kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa mfano wa kwale. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mia kadhaa, wengi wao wafanya kazi wa viwanda vya Manchester, walipanda Kinder pasipo ruhusa, wakiongozwa na Benny Rothman. Walinzi wa mawindo walijaribu kuwazuia kwa fimbo. Vijana 5 walifungwa gerezani, kati ya miezi 2 na 6. Ardhi ile ilikuwa ya Duke wa Devonshire, wa ukoo ule ule uliopeleka mikate penye mpaka wa Eyam mwaka 1666. Kifungo hicho kiliwakasirisha watu wengi kuliko kitendo chenyewe, nayo sheria ya 1949 ilikuja miaka 17 baadaye. Sheria nyingine ya mwaka 2000 iliwapa watu ruhusa ya kutembea popote katika milima na nyanda zisizolimwa, hata nje ya njia. Mashamba yaliyolimwa yalibaki na vijia vyake vya zamani. Mwaka 2002 Duke wa wakati huo alisimama mbele ya watu, akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa na babu yake.

Mompesson mwenyewe hakukaa Eyam. Kiasi cha mwaka 1670 alipewa kanisa la Eakring, katika wilaya ya Nottinghamshire. Watu wa huko waliposikia anakotoka, waliogopa asije akawaletea tauni, ingawa ilikuwa imekoma miaka michache iliyopita. Inasimuliwa ya kuwa walimkataza asiingie kijijini, naye akakaa kwanza katika kibanda bustanini Rufford, akiwahubiri nje, chini ya mti, mpaka walipomzoea.